Kaimu wa Kiti cha Tatu

Kiti cha mdogo wangu kilikuwa cha tatu kutoka mbele, safu ya dirishani, na mguu wake mmoja ulikuwa mfupi kuliko mingine. Siku ya kwanza nilipokikalia kiliyumba na darasa zima likageuka kunitazama. Msichana wa mbele yangu akakunja kipande cha karatasi mara nne, akanipa, akanyoosha kidole chini. Nikakisukuma chini ya ule mguu mfupi. Kiti kikatulia. Hivyo ndivyo nilivyoanza sekondari, nikiwa na miaka ishirini na moja, kwa muda wa wiki nane.

Mdogo wangu nyumbani tunamwita Kitinda, kwa kuwa ndiye kitinda mimba wa mama. Alivunjika mguu akiruka mtaro. Hakusukumwa na mtu, wala hakuwa anakimbizwa. Alikuwa anawaonyesha wenzake kwamba anaweza. "Na nilivuka," aliniambia hospitalini, plasta ikiwa bado mbichi. "Waulize. Kuvuka nilivuka. Kutua ndiko kulikonishinda."

Mfupa ulikuwa umekatika mahali pawili, kwa hiyo ilisemwa wiki nane. Na shule ya Kitinda ina sheria: anayekosa muhula mzima anarudia mwaka. Mama akaenda kumwona mkuu wa shule, haraka haraka, hata utepe wa kupimia alisahau kuuvua shingoni. Mama ni fundi cherehani. Nusu ya sketi za marinda zilizokuwa zinapita uwanjani siku ile tulizishona sisi wawili, na nadhani mkuu alilijua hilo. Sijui walivyoongea, ila mama alirudi na jibu. Mtu mmoja wa nyumbani aje akae kwenye kiti, aandike, ampelekee mgonjwa. Mtihani wa mwisho wa muhula Kitinda ataufanya mwenyewe, hata kwa magongo. Sharti ni moja: huyo anayekuja si mwanafunzi, kwa hiyo asiulize maswali.

"Utakwenda wewe," mama akaniambia.

Nilikuwa natunga uzi kwenye sindano. Kazi hiyo naifanya hata nikiwa nasinzia. Siku hiyo uzi ulikataa tundu mara nne.

Niliacha shule nilipomaliza ya msingi. Nilifaulu, jina langu lilibandikwa. Lakini mwaka huo ndio baba aliondoka, na mama alikuwa na rundo la vitambaa vya watu linalofika kiunoni. Akanishika mikono yote miwili akasema, "Mwaka mmoja tu, mwanangu. Nisimame kwanza." Simlaumu. Alisimama kweli, ila mwaka ule mmoja ulizaa mingine. Tangu hapo nakunja pindo, nafunga vifungo, napiga pasi marinda. Nimezishona sketi za shule ile kwa miaka minane na sikuwahi kuona zinakwenda kukaa wapi.

Chumba chetu cha mbele kina dirisha moja tu. Mama aliifungisha cherehani yake magurudumu kwa fundi baiskeli, kwa sababu yeye hufuata mwanga. Asubuhi cherehani iko ukutani, saa sita iko katikati ya chumba, jioni imefika karibu na mlango na wateja wanaingia kwa ubavu. Nyuma ya pazia ndiko tunakolala mimi na Kitinda. Huko mwanga haufiki hata ungeufuata kwa gari.

Basi ikawa hivyo. Alfajiri nashona, saa mbili niko darasani, mchana narudi kwenye pindo, na jua likianza kulegea naingia nyuma ya pazia na daftari. Wanafunzi walinibandika jina siku ya pili tu: Kaimu. "Kaimu, kazi ya nyumbani umefanya?" "Kaimu, mwenye kiti anaendeleaje?" Mmoja aliniuliza, uso mkavu kabisa, kwamba Kitinda akiandikiwa adhabu nitaitumikia mimi au itamsubiri. Nikamjibu kwamba hilo halikuzungumzwa wakati wa uteuzi. Wakacheka, na baada ya hapo wakanizoea.

Masomo yote niliyaandika, lakini sayansi niliingoja. Mwalimu wa sayansi alikuwa mama mfupi mwenye sauti nzito na suti ya kijivu, ambayo pindo la kushoto lilikuwa limefumuka likashonwa kwa uzi wa bluu. Siku alipoingia na jani moja mkononi hakutusalimu. Aliuliza, "Mmea unakula nini?"

Wakajibu wote kwa pamoja: udongo, mbolea, maji. Mimi pia ndani kwa ndani nilisema udongo.

Akatusimulia kwamba zamani sana mtu mmoja alipanda mche kwenye pipa. Kabla ya kuupanda aliukausha udongo akaupima uzito. Miaka mitano akawa anamwagilia maji tu. Kisha akaung'oa, akapima tena. Mti ulikuwa mzito kama mtu mzima, na udongo ulikuwa umepungua kiasi cha kujaza kiganja. "Sasa huo mti umetoka wapi?" akauliza.

Ulitoka kwenye maji na hewa, alisema. Mizizi inafyonza maji, maji yanapanda kwenye mirija myembamba mpaka kwenye jani. Chini ya jani kuna vitundu vidogo usivyoviona kwa macho, vinaitwa stomata, na kupitia hapo inaingia kabonidayoksaidi, hewa ukaa, hii hii tunayoitoa tukipumua. Ndani ya jani kuna rangi ya kijani iitwayo umbijani, au klorofili, na hiyo kazi yake ni kuunasa mwanga wa jua. Kwa nguvu ya mwanga huo jani linaunganisha maji na hewa ukaa na kutengeneza sukari. Sukari nyingine mmea unaitumia papo hapo, nyingine unaigeuza wanga na kuiweka akiba, nyingine unaijengea shina na matawi. Na kinachobaki, oksijeni, unakitoa nje, nasi tunakivuta. Kazi yote hiyo inaitwa usanisinuru.

Niliiangalia meza yangu. Ilikuwa ya mbao, imechorwa majina ya watu waliokwishamaliza zamani. Mbao ile ilikuwa hewa, nikawaza. Ilikuwa hewa na maji, mpaka mwanga ulipoipitia. Sijui kwa nini jambo hilo lilinitia machozi. Nikajifanya nina kitu jichoni.

Jioni nilimfundisha Kitinda kwa lugha ya nyumbani kwetu. Nilimwambia jani ni chumba cha fundi. Stomata ndiyo milango, mirija ni bomba la maji, umbijani ni cherehani. Mwanga ndio kitambaa.

"Na nguo ni nini?"

"Sukari."

"Na oksijeni ni vile vipande mama anavyotupa chini."

"Ndiyo."

Akafikiri, mguu wake mweupe umekaa juu ya mto kama mgeni wa heshima. Kisha akauliza vile vipande vimekatwa kwenye nini, kwenye maji au kwenye hewa ukaa. Sikujua. Nilikisia hewa ukaa, kwa kuwa jina lake lile refu lina oksijeni ndani. Lakini sikutaka kumlisha kisio, na mimi kuuliza sikuruhusiwa. Tukaamua pamoja kuandika mwishoni mwa daftari: *Kitinda anauliza.* Yeye ni mwanafunzi halali, plasta au si plasta.

Daftari likarudi na wino mwekundu. Mwalimu aliandika kwamba oksijeni inatoka kwenye maji. Mwanga unayapasua maji, na oksijeni yake ndiyo inayoachwa huru. Chini yake akaongeza: *Mwanga si kitambaa. Kitambaa kinabaki ndani ya nguo. Mwanga ni ule mguu unaokanyaga pedali.* Kumbe alikuwa amesoma mpaka michoro yangu ya pembeni. Nilimsomea mama. Mama akasimamisha cherehani, akautazama mguu wake, akasema huyo mwalimu angefaa kuwa fundi.

Tangu siku hiyo kila daftari lilikwenda na swali. Ya kwanza yalikuwa ya Kitinda kweli. Halafu yakawa nusu kwa nusu. Kufikia wiki ya sita nilikuwa naandika *Kitinda anauliza* wakati Kitinda amelala fofofo. Kitinda anauliza, mimea yenye majani mekundu inafanyaje? Jibu: umbijani umo, umefunikwa na rangi nyingine. Kitinda anauliza, kwa nini majani ni membamba hivi? Jibu: ili mwanga na hewa vifike kila mahali haraka. Nilikuwa nasubiri wino ule mwekundu kama wengine wanavyosubiri barua ya mchumba. Siku moja mwalimu aliponirudishia daftari alikaa ameshika ncha yake, akasema polepole, "Mdogo wako ana kiu." Nikamwambia ndiyo, mwalimu, tangu utotoni.

Jumatatu ya kutoa plasta ilikuwa imeandikwa kwenye kadi ya zahanati, na kadi nilikuwa nayo mimi. Kitinda hakuihitaji kadi. Alikuwa amechora mistari kwenye plasta, mmoja kila siku, kuanzia gotini kushuka, na mstari wa hamsini na sita ulikuwa umefika juu kidogo ya vidole. Akitolewa Jumatatu, Jumanne anarudi shule. Hivyo ndivyo mama alivyompa neno mkuu.

Ijumaa ya kabla yake mwalimu wa sayansi alileta chungu cha mmea, akauweka mezani kwake na kutueleza. Jumatatu ataufungia kabatini, gizani, ukae huko mpaka Alhamisi ili akiba yote ya wanga iliyomo kwenye majani iishe. Alhamisi asubuhi na mapema ataufungua, abane karatasi nyeusi katikati ya jani moja, juu na chini, kisha auweke juani kutwa. Kipindi cha mwisho tutalichuma lile jani tuone kama mwanga ni lazima kweli au tumeamini tu kwa kuambiwa. "Msiniamini mimi," alisema. "Ngojeni Alhamisi muone."

Nilirudi nyumbani nimebeba ile Alhamisi kama mtu aliyebeba yai. Sikuomba miezi, wala sikuomba mwaka. Siku nne tu. Wiki nane nilikuwa nimeandika juu ya vitu ambavyo havionekani kwa macho, na sasa kimoja kilikuwa kinakwenda kuonekana, na mimi sitakuwapo.

Jumatatu asubuhi mama alinituma zahanati nikaangalie foleni kabla hatujamtafutia Kitinda gari la kumbeba. Hakukuwa na foleni. Mtu wa plasta alikuwa amekaa peke yake kwenye stuli, anapunguza kucha kwa mkasi wake wa kazi. Aliinua macho. Mimi nilisimama mlangoni muda wa kama kuhesabu mpaka kumi. Kisha nikageuka.

Njiani nilikuwa najiambia nitasema kweli. Nilijiambia hivyo mpaka kwenye kizingiti chetu. Mama akauliza, "Vipi?" Nikasikia mdomo wangu unasema, "Mtu wa plasta amesafiri. Anarudi Jumatatu ijayo."

Mama akashusha pumzi, akarudi kwenye marinda. Nyuma ya pazia Kitinda alikuwa amekwisha kuvaa sketi yake ya shule, ameketi kitandani, magongo mapajani. Nilimwona anatafuta mahali pa kuchora mstari wa hamsini na saba. Plasta ilikuwa imejaa. Akauchora ukutani.

Wiki ile alikuwa anawashwa ndani ya plasta kuliko wiki zote. Kila jioni niliingiza rula nyembamba ya mama, ile ya kuchorea kola, nikamkuna taratibu anaponielekeza: chini, chini tena, kushoto, hapo hapo. Alikuwa anafumba macho kwa raha na kuniambia Mungu akupe mume mwenye subira kama yako. Mimi mkono ulikuwa unaniuma kama unaoungua.

Alhamisi ikafika.

Mwalimu alipanga vitu vyake mezani: jiko dogo, sufuria ya maji, kikombe cha kioo chenye spiriti, koleo, sahani nyeupe, na chupa ndogo yenye dropa ya kudondoshea. Akalichuma jani, akaondoa karatasi nyeusi. Tukasogea. Jani lilikuwa kijani kote, pale palipofunikwa na pasipofunikwa, huwezi kutofautisha. Wengine wakaguna. Msichana wa mbele yangu akanong'ona kwamba tumepoteza kutwa nzima kwa mboga.

Mwalimu hakujali. Akalitumbukiza kwenye maji yanayochemka dakika mbili, ili life na kulainika. Akazima moto, akatueleza kwamba spiriti na moto havikai nyumba moja. Akalihamishia kwenye kikombe cha spiriti, na kikombe akakisimamisha ndani ya maji ya moto. Polepole spiriti ikaanza kugeuka kijani. Jani lenyewe likapauka, likawa na rangi ya kitambaa kilichofuliwa mara mia. Umbijani wote ulikuwa umehamia kwenye kikombe. Jani lilikuwa limekakamaa na kuwa jepesi kuvunjika. Akalichovya tena kwenye maji ya uvuguvugu, likalegea, akalitandaza juu ya sahani.

"Iodini," alisema, akiinua ile chupa. "Ikikutana na wanga inageuka bluu nyeusi. Isipokutana nao inabaki kahawia kama ilivyo." Akatutazama mmoja mmoja. Macho yake yakaja yakanisimamia.

"Kaimu, njoo uidondoshe."

Mtu mmoja akasema lakini Kaimu si mwanafunzi. Mwalimu akamwambia kudondosha si kuuliza.

Nilikwenda. Mikono yangu imezoea vitu vidogo. Nilidondosha tone moja kwenye ncha ya jani, moja kwenye kikonyo, kisha nikafuata katikati mpaka jani lote likawa limelowa. Tukangoja. Mwanzoni hapakutokea kitu. Halafu ncha ikaanza kuingia giza, kama wingu linavyopanda, bluu, kisha nyeusi, na huku kwenye kikonyo vilevile, rangi mbili zinakaribiana. Zikafika katikati, zikasimama. Pale palipokuwa na karatasi palibaki kahawia, utepe ulionyooka, kingo zake kama zimekatwa kwa mkasi wa mama.

Hakuna aliyeguna safari hii. Nilikuwa nimeinama karibu sana, pumzi yangu inagusa sahani, na kwa muda ule mfupi sikutamani kitu chochote duniani. Sikumbuki siku nyingine iliyokuwa hivyo tangu jina langu lilipobandikwa.

Jioni nilimsimulia Kitinda yote. Alisikiliza ameegemea ukuta wake wa mistari, ambayo sasa ilikuwa minne. Nilipofika kwenye ule utepe wa kahawia akauliza kama pale palikuwa pamekufa. Nikamwambia hapana, palikuwa hai kama kwingine, ila hapakutengeneza kitu siku nzima. Akauliza pameishi kwa kula nini. Nikamwambia mwalimu alisema kwa akiba iliyobaki na kwa kinachopenya kutoka jirani.

"Na akiba ikiisha?"

Nikamwambia usiku umeingia, tulale.

Jumatatu ya pili tulimpakia kwenye gari la jirani, mama akabaki na mteja, tukaenda wawili. Mtu wa plasta alikuwa mcheshi, mtu mnene wa vidole vyepesi. Alipoiona kadi akanitazama mimi, si Kitinda.

"Nyie watu. Mmenikalisha Jumatatu nzima iliyopita. Kutwa niko hapa nawanolea mkasi, mpaka kucha nikazimaliza. Si wewe dada ulichungulia hapo mlangoni? Nikasema huyu kaona mkasi kakimbia."

Njia ya mwongo ni fupi, tulifundishwa tangu chekechea. Yangu ilikuwa na urefu wa siku saba.

Kitinda hakugeuka kunitazama. Alikuwa anautazama mkasi unavyopanda kwenye mistari yake, mmoja mmoja, tangu hamsini na sita mpaka wa kwanza. Plasta ikafunguka kama ganda. Mguu uliokuwa ndani ulikuwa umepauka, mwembamba, ngozi inabanduka vipande vipande, na ukiuweka karibu na ule mwingine ungedhani ni wa watu wawili tofauti. Mtu wa plasta akasema ni kawaida, msuli usiofanya kazi hupungua, jua na kutembea vitaurudisha. Akasema kila siku ndani ya plasta ni siku ya kuulipia nje.

Kitinda akaugusa kwa kidole, gotini, pale ngozi nyeusi ilipokutana na ile iliyopauka. Mpaka ulikuwa umenyooka.

"Kumbe mimi ndiyo jani lako," akasema.

Nikainama kuokota vipande vya plasta.

Mama hakuambiwa. Hilo Kitinda aliamua peke yake, na lilinielemea kuliko kama angepiga mayowe uani. Mama alipouliza mbona mmenuniana, yeye akajibu mguu unamuuma. Jumanne nilimbebea mkoba mpaka getini. Hapo akauchukua, akausukumia begani, akaniambia ahsante kama unavyomwambia konda. Nikasimama nikimtazama anavyovuka uwanja kwa magongo, marinda niliyoyapiga pasi mwenyewe yanacheza nyuma yake, mpaka alipoingia mlango ule.

Jioni nilimuuliza wamesoma nini.

"Sikumbuki," akasema.

Jumatano hakumbuki. Alhamisi nayo hakumbuki. Daftari alikuwa anaandika, nililiona, lakini analilalia chini ya mto. Nikaelewa kwamba ananipa kile nilichompa: siku saba. Sikuteta. Nilikunja pindo, nikavuta cherehani ya mama kufuata mwanga, nikasikia kengele ya shule kwa mbali inavyobadilisha vipindi, na kila ilipolia nilijua sasa hivi ni hesabu, sasa hivi ni lugha, sasa hivi ni yeye, yule wa suti ya kijivu, anaingia na kitu mkononi, na sijui ni nini. Sikujua kwamba mtu anaweza kukitamani chumba, tena kwa namna hiyo. Hamu ile ya miaka minane nilikuwa nimeizoea kama viatu vinavyobana. Hii ilikuwa mpya.

Nilimwomba msamaha siku ya tano. Sikupamba. Nilimwambia nilisema uwongo ili nilione lile jani, na kwamba nilipokuwa nalitazama sikumkumbuka hata kidogo, na hilo ndilo linaloniuma zaidi. Alikuwa anajipaka mafuta kwenye mguu, anausugua kwa nguvu. Akaendelea kusugua.

"Ungeniambia tu," akasema mwishoni. "Ningekaa wiki nyingine."

Halafu akawaza. Kitinda si mtu wa kutoa asichokuwa nacho.

"Au nisingekaa. Sijui. Lakini ungeniuliza."

"Ningekuuliza," nikasema.

"Hukuniuliza."

"Sikukuuliza."

Siku mbili zaidi akakaa nazo, mpaka saba zikatimia. Jumanne nikiwa nafungia kifungo cha mwisho cha shati la mtu akaniita nyuma ya pazia. Alikuwa ameketi kitandani mguu umenyooshwa, daftari liko wazi mapajani. Akasogea ukutani kunipa nafasi. Hakunipa daftari, alilishika mwenyewe.

Akasema wiki iliyopita wamesoma mmea unafanyaje usiku. Kwamba watu hudhani unapumua usiku tu, kumbe unapumua saa zote kama sisi, unavuta oksijeni na kutoa hewa ukaa, ila mchana hatuoni kwa sababu kazi ya mwanga inakuwa kubwa kuliko. Usiku cherehani inasimama na fundi anaishi kwa alichoshona mchana. Alisoma haraka, anaruka maneno, mahali pamoja alichanganya na nikajua amechanganya. Sikumsahihisha.

"Mwalimu alichora?" nikauliza.

"Alichora jani moja kubwa. La mchana na la usiku, nusu kwa nusu."

"Alilichora wapi? Upande gani wa ubao?"

Akanitazama kama mtu aliyeulizwa rangi ya upepo. Kisha akafunga jicho moja, akakumbuka.

"Kushoto. Karibu na dirisha. Halafu chaki ikakatika, akamalizia kwa kile kipande."

Nikafumba macho. Nikauweka ubao mahali pake, nikaliweka jani upande wa kushoto karibu na dirisha, nikasikia chaki inakatika.

"Endelea," nikamwambia.